Kafia Mikononi mwa Polisi: Majibu kwa Wasomaji

Barua za safari hii, kutoka Unguja na Pemba, zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: mtu wa nyumbani kakamatwa mzima, karudi maiti, na familia haijui pa kushika. Tumezipanga kwa mfuatano wa siku zinavyokwenda, tangu saa ya kupokea habari hadi malipo. Majina ya walioandika na ya vituo tumeyaacha.

Assalaam alaykum. Mdogo wangu alichukuliwa Jumatano usiku. Ijumaa asubuhi tukapigiwa simu twende tukachukue maiti. Wazee wakataka azikwe baada ya sala ya Ijumaa. Mimi nilitaka apasuliwe kwanza, nikaambiwa namtesa maiti. Tumemzika. Je, tulikosea? Na mwengine likimfika afanye nini?
*Kaka wa marehemu, Kaskazini Pemba*

Wa alaykumus salaam, na Mwenyezi Mungu amrehemu mdogo wako. Kuharakisha maziko ni sunna na wazee wako hawakutaka baya. Lakini tuseme wazi, kwa sababu kuna nyumba nyingine itasoma hapa: madai mengi ya aina hii hupotea baina ya chumba cha maiti na makaburini, kabla wakili hajasikia lolote. Wanavyuoni wengi wa zama hizi wameruhusu maiti kuchunguzwa na maziko kusubiri pale inapohofiwa kuwa mtu kauawa. Mwenye shaka aende Ofisi ya Mufti akaulize. Siku moja ya kusubiri ndiyo siku yenye thamani kubwa kuliko zote katika kesi yako.

Kwanza karatasi. Usisaini kupokea mwili kabla hujasoma unachosaini. Ukikuta maneno kwamba familia imeridhika na sababu ya kifo, yakate, kisha andika kwa mkono wako pembeni ya saini: "Tumepokea mwili tu. Sababu ya kifo hatujaikubali." Piga picha karatasi hiyo.

Pili, omba uchunguzi wa maiti kwa barua. Ombi la mdomo halina ushahidi. Barua iende kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa, nakala kwa daktari dhamana wa hospitali na kwa Mkurugenzi wa Mashtaka wa Zanzibar, na kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Omba mambo matatu: mwili uhifadhiwe kwenye baridi, daktari wa familia aruhusiwe kushuhudia, na ripoti mpewe nakala. Kwa Pemba huenda ikabidi daktari bingwa avuke kutoka Unguja au mwili upelekwe hospitali ya Mnazi Mmoja. Ulizeni mapema, msije mkaambiwa saa kumi jioni kwamba hapana mtu.

Kwa nini apasuliwe, wala isitoshe kumtazama? Kwa sababu kwenye ngozi nyeusi mchubuko wa ndani aghalabu hauonekani kwa juu. Mtu aliyepigwa nyayo, mgongo, makalio au mashavu ya miguu anaweza kuonekana mzima, na damu iliyovilia ikakutwa pale tu daktari anapopasua ngozi na kutazama misuli. Daktari asiyeambiwa atafungua kifua na tumbo, atatazama moyo, basi. Mwambieni kwa maandishi: "Tunaomba nyayo, mgongo, makalio, mikono na shingo vichunguzwe kwa kupasuliwa." Huo si ukaidi wa familia. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza vifo vinavyotiliwa shaka, unaojulikana kwa jina la Minnesota na uliopitiwa upya mwaka 2016, unataka vifo vya mahabusu vichunguzwe kwa kina cha namna hiyo.

Tatu, picha, na zipigwe kabla ya kukosha. Anza na mwili mzima mbele na nyuma, kisha kila alama mara mbili: moja ya mbali kidogo ionyeshe iko wapi, moja ya karibu pamoja na rula ya mtoto wa skuli ikiwa imelazwa kando yake. Msisahau nyuma ya masikio, ndani ya midomo, viganja, vifundo vya mikono na nyayo. Picha za asili zibaki kwenye simu na nakala iwekwe kwenye flashi. Msitegemee zilizotumwa kwa WhatsApp, maana huko hupunguzwa ubora na hupoteza taarifa za saa na siku zilipopigwa. Na zisisambazwe. Ni stara ya marehemu na ni ushahidi.

Nne, nguo alizokuwa nazo. Zianikwe kivulini zikauke, zitiwe kwenye mfuko wa karatasi. Mfuko wa plastiki huzifanya zioze na kuota ukungu. Zisifuliwe, hata kama roho inauma kuziona zilivyo.

Sasa jibu lako wewe uliyekwisha kuzika. Nenda kwa waliomkosha. Mkosha maiti ameona mwili wote, kaugeuza, kapitisha maji kila mahali. Hakuna shahidi aliyemwona marehemu kwa ukaribu zaidi yake. Wengi wao hunyamaza kwa sababu wamefundishwa kusitiri aibu ya maiti, nao wako sahihi. Lakini alama ya kipigo si aibu ya maiti, ni dhulma aliyofanyiwa, na kuitolea ushahidi ni kumtetea. Waombeni waandike kila mmoja peke yake, kwa maneno yake, alichokiona na upande gani wa mwili, wiki hii hii kabla kumbukumbu hazijachanganyika. Waape mbele ya kamishna wa viapo. Halafu wakili aombe amri ya mahakama ya kufukua kaburi. Kwa joto letu nyama haidumu, lakini mbavu zilizovunjika, fuvu na kifupa cha kooni hubaki. Kadiri mnavyokwenda mapema ndivyo daktari anavyopata cha kusoma. Msifukue wenyewe bila amri, maana hilo ni kosa na ushahidi utakataliwa.

Cheti kimeandikwa "moyo na pumzi kusimama". Polisi kwa mdomo wanasema kajinyonga kwa shati lake. Tushike lipi?
*Shangazi, Mjini Magharibi*

Msishike lolote kwa sasa. "Moyo kusimama" si sababu ya kifo. Kila anayekufa moyo wake husimama. Sababu ni kile kilichousimamisha, na daktari ana wajibu wa kukiandika. Mwandikieni aeleze.

Kuhusu kujinyonga, kuna mambo ya kuuliza ambayo hayahitaji udaktari. Alama ya shingoni ilikwendaje? Aliyening'inia kwa kawaida alama yake hupanda kuelekea nyuma ya sikio na haikamilishi mzunguko. Aliyekabwa kwa kamba alama yake aghalabu hulala sawa na kuzunguka shingo yote. Damu ilitulia wapi? Kwa aliyening'inia muda mrefu rangi ya damu hukusanyika miguuni na mikononi. Ikikutwa mgongoni, jua mwili ulikuwa umelala. Na chumba je: alifunga wapi shati, dirisha lina urefu gani, nani alikuwa naye ndani, nani alimkuta, saa ngapi?

Majibu ya hayo yamo kwenye vitabu vya kituo. Daftari la matukio linaonyesha saa aliyoingizwa na hali aliyoingia nayo. Daftari la mahabusu linaonyesha nani alikuwa zamu na ukaguzi ulifanywa mara ngapi. Andikeni barua kuomba vihifadhiwe, pamoja na picha za kamera kama zipo, na rikodi za simu za kituo. Barua hiyo ipelekwe ndani ya siku tatu za mwanzo. Baadaye mtu akisema daftari limepotea, mahakama itauliza lilipoteaje baada ya ombi lenu la maandishi.

Na lililo kubwa: mtu aliyeingia mikononi mwa dola akiwa hai, dola ndiyo inayojua yaliyompata. Kanuni ya ushahidi ni kwamba jambo lililo katika ujuzi wa upande mmoja pekee, upande huo ndio wenye mzigo wa kulieleza. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika maelezo yake ya mwaka 2015 juu ya haki ya kuishi, imesema mtu akifia kizuizini dola inachukuliwa kuwa inawajibika mpaka ithibitishe vinginevyo. Wakili wenu aliweke hilo mbele tangu ukurasa wa kwanza. Kazi yenu nyinyi ni kuthibitisha vitu viwili vikavu: aliingia mzima, na alitoka maiti. Kwa hiyo tafuteni waliomwona akikamatwa, waliompelekea chakula kituoni, waliozungumza naye kwa mara ya mwisho. Chupa ya chai aliyoirudisha ikiwa tupu Alhamisi asubuhi ni ushahidi kwamba alikuwa akila na kunywa.

Niko eda. Mume wangu kafariki kituoni, nina watoto watatu. Shemeji zangu wanasema nisubiri nitoke eda ndipo tuanze mambo ya serikali. Je, hakuna ubaya?
*Mjane, Kusini Unguja*

Pole sana dada yetu. Ubaya upo. Eda yako ni miezi minne na siku kumi, na saa ya sheria haikungoji.

Hesabu hivi. Kabla ya kuishitaki serikali lazima utoe notisi ya siku 90 ya kusudio la kushitaki. Kabla ya notisi unahitaji ripoti ya daktari, cheti cha kifo na hati ya usimamizi wa mirathi. Ukianza baada ya eda, miezi minane inaweza kuondoka kabla hati ya madai haijafika masjala. Vipindi vya ukomo wa kufungua madai vinatofautiana kwa aina ya dai, na vingine ni vifupi kuliko watu wanavyodhani. Ushauri wetu ni mmoja kwa kila anayetuandikia: chukulia kwamba una mwaka mmoja tangu siku ya kifo, usihesabu zaidi, hata akitokea mtu wa kukutuliza.

Eda haikuzuii kufanya kazi hiyo. Mambo mengi yanafanyika ukiwa ndani: wakili au msaidizi wa sheria anakuja nyumbani, unatoa maelezo, unasaini. Unaweza pia kumpa mtu hati ya uwakilishi afuatilie ofisini kwa niaba yako. Iandikwe anachoruhusiwa (kuwasilisha barua, kupokea nakala, kuomba vyeti) na iandikwe asichoruhusiwa, yaani kupatana na kupokea fedha. Shemeji mwema hataudhika kwa sentensi hiyo.

Nyaraka zenyewe: cheti cha kifo kinatolewa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Barua ya sheha itahitajika. Cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto tafuteni mapema, maana hapo ndipo wengi hukwama: ndoa ilifungwa, haikuandikishwa, au jina la baba kwenye cheti cha mtoto si sawa na lililo kwenye kitambulisho cha Mzanzibari. Herufi moja ikitofautiana, fanya hati ya kiapo ya majina. Mirathi ya Muislamu inapita Mahakama ya Kadhi, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inahusika na usimamizi wa mali za marehemu. Msimamizi akishapatikana, yeye ndiye anayesimama mahakamani kwa niaba ya mali ya marehemu. Akifungua madai mtu asiye na hati hiyo, upande wa serikali utaweka pingamizi la awali na kesi itafutwa bila kusikilizwa hata shahidi mmoja.

Nani hasa wa kushitakiwa? Wengine wanasema Serikali ya Mapinduzi, wengine Muungano.
*Msaidizi wa sheria, Wete*

Swali zuri, na makosa ya hapa ni ghali. Jeshi la Polisi ni jambo la Muungano. Kwa hiyo kifo cha kituo cha polisi, hata kiwe Micheweni au Makunduchi, mdaiwa wake ni Serikali ya Jamhuri ya Muungano, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali ya Muungano anaunganishwa. Lakini mtu akifia Chuo cha Mafunzo, yaani gerezani, hiyo ni idara maalum ya SMZ (Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar), na hapo anayehusika ni Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar. Hali kadhalika vikosi vingine vya SMZ: KMKM (Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo), JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi) na Valantia. Mara nyengine mtu kakamatwa na askari wa vikosi, kapigwa, kisha kakabidhiwa polisi akafia huko: wote wawili waingie kwenye hati ya madai, pamoja na maofisa wenyewe kwa majina ikiwa wanajulikana.

Notisi ya siku 90 ipelekwe kwa taasisi inayodaiwa, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali. Tunashauri nakala nyengine kwa Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar hata pale unapodhani hahusiki. Gharama yake ni karatasi na bahasha, faida yake ni kuondoa pingamizi moja. Notisi iseme: nani kafa, lini alikamatwa na wapi, lini alikufa, kosa lililotendwa, wanaodai ni nani, na wanadai nini. Notisi inayosema "tutachukua hatua za kisheria" tu haitoshi. Pata muhuri na tarehe ya kupokelewa, kisha hesabu siku 90 kamili. Ukifungua siku ya 88, umefungua mapema na itafutwa.

Madai ya raia dhidi ya serikali yanakwenda Mahakama Kuu, ambayo kwa Pemba ina masjala Chake Chake. Kama marehemu alikaa zaidi ya saa 24 bila kufikishwa mahakamani, dai kizuizi kisicho halali kama jambo la pekee, usilifunike ndani ya dai la kifo. Na haki zilizovunjwa zitajwe kwa jina lake: haki ya kuishi, ambayo ni Ibara ya 14 ya Katiba ya Muungano na Ibara ya 13 ya Katiba ya Zanzibar ya 1984, na katazo la mateso, Ibara ya 13(6)(e) ya Katiba ya Muungano.

Kafia hospitali, si kituoni. Wanasema basi si jukumu lao.
*Baba, Kaskazini Unguja*

Alilazwa akiwa chini ya ulinzi? Basi alikuwa mikononi mwao. Uliza nani alimfikisha, saa ngapi, fomu ya polisi ya matibabu, PF3, iliandikwa nini, na daktari wa mapokezi alikuta nini. Faili la hospitali la siku hiyo ni ushahidi mzito kwa sababu liliandikwa kabla mtu yeyote hajafikiria kesi. Na kuchelewa kumpeleka hospitali mtu anayeumwa ni kosa linalojitegemea, hata kama hakuguswa kwa fimbo.

Fidia inapigwaje hesabu? Mwanangu alikuwa bodaboda, hana mshahara wala bima. Tumeambiwa tudai bilioni moja.
*Mama, Chake Chake*

Mama yetu, anayekwambia udai bilioni bila hesabu anakupeleka pabaya. Jaji akiona namba iliyookotwa, anaanza kutilia shaka na zile za kweli. Hakuna mfuko maalum wa serikali unaolipa familia za waliofia mahabusu, wala hakuna kiwango kilichopangwa. Kila shilingi inatoka kwenye hoja na ushahidi wenu, au kwenye maelewano.

Fidia ina mafungu. La kwanza ni gharama halisi: matibabu, gari, boti ya kuvuka, sanda, kuchimba kaburi, daktari, kamishna wa viapo. Fungu hili hudaiwa kipengee kwa kipengee na huthibitishwa kwa risiti. Risiti hakuna, fedha hakuna. Tangu siku ya kwanza wekeni bahasha moja, kila karatasi iingie humo, na aliyelipwa bila risiti aandike na kusaini.

La pili ni utegemezi, yaani kile ambacho marehemu angewapa mke, watoto na wazazi kama angekuwa hai. Tuseme, kwa mfano, alikuwa na miaka 31 na akitoa mafuta alibakiwa na shilingi 15,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni 390,000. Ondoa thuluthi aliyojitumia mwenyewe, 130,000, zinabaki 260,000 kwa mwezi, sawa na 3,120,000 kwa mwaka. Mahakama haitazidisha kwa miaka 29 iliyobaki mpaka afike 60, kwa sababu mnalipwa kwa mkupuo na maisha yana mengi. Itachagua idadi ndogo zaidi. Ikichagua 14, utegemezi unakuwa 43,680,000. Kila tarakimu hapo itapingwa, na mapato ndiyo yatakayopingwa zaidi.

Atathibitishaje bodaboda? Kwa miamala ya fedha kwa simu, kama M-Pesa, ya miezi 12, kwa mwenye chombo ikiwa alikuwa akimpelekea hesabu kila siku, kwa kadi ya chama cha madereva, kwa daftari la duka alilokuwa akilipa deni kila mwisho wa wiki, kwa risiti za ada za skuli. Kwa mvuvi, mnada wa diko lake na wenzake wa chombo. Kwa mkulima wa karafuu, stakabadhi za ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, za misimu iliyopita: ziko na jina, uzito na bei, na hakuna wakili wa serikali atakayezipinga kirahisi. Familia nyingi za Pemba zinazo zimekunjwa ndani ya msahafu au kabatini na hazijui kuwa ni ushahidi.

La tatu ni fidia ya jumla, kwa maumivu aliyoyapata kabla ya kufa na kwa waliobaki. Hii iko katika busara ya jaji, na hapa ripoti ya daktari ndiyo inayosema. Aliyekufa papo hapo na aliyeteswa siku mbili hawawi sawa. La nne ni fidia ya kuadhibu. Kanuni iliyowekwa Uingereza mwaka 1964 na kufuatwa na mahakama za Afrika Mashariki inaruhusu mahakama kuongeza kiasi pale mtumishi wa serikali anapotenda kwa ukandamizaji na kinyume cha katiba. Lazima idaiwe waziwazi kwenye hati ya madai. Isiyodaiwa hailipwi.

Fedha hizo zikija hazigawiwi zote kwa njia moja. Za utegemezi huwaendea wategemezi kwa kadiri walivyomtegemea. Zinazoingia kwenye mali ya marehemu ni mirathi. Tuseme mali hiyo ni 12,000,000, kaacha mke, mama, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike: mke thumuni, 1,500,000, mama sudusi (sehemu moja ya sita), 2,000,000, zinabaki 8,500,000 za watoto, wa kiume 4,250,000 na kila wa kike 2,125,000. Zungumzeni hili mapema. Ugomvi wa mgao umevunja kesi ambazo serikali ilikuwa haijaziweza.

Wamekuja watu nyumbani na milioni tatu, wanasema ni ubani. Wanataka tusaini kwamba tumepokea. Tupokee?
*Ami wa marehemu, Unguja*

Someni karatasi, kisha isomeni tena kwa sauti mbele ya jamaa wote. Ubani ni ubani: mtu anakuja msibani, anatoa alichojaaliwa, hakusainishi. Maneno ya kuogopa ni "malipo kamili na ya mwisho", "familia haina dai lolote", "imekubali kifo ni cha kawaida". Likiwemo mojawapo, msisaini. Ikiwa mnataka kupokea kwa heshima ya waliokuja, andikeni karatasi yenu: "Tumepokea shilingi 3,000,000 kama ubani. Hizi si fidia na hatujaacha dai lolote." Wakikataa kusaini hiyo, mmeshajua fedha ni za nini.

Maelewano ya kweli si haramu wala si udhaifu. Mara nyingine ndiyo njia bora kuliko kesi ya miaka. Yafanyike kupitia wakili, kwa maandishi, kiasi kitajwe na tarehe ya kulipa itajwe, na ikiwa kesi iko mahakamani yasajiliwe kama amri ya mahakama. Na mjue: haki ya mtoto mdogo haiachwi na ami wala mama kwa saini. Maelewano yanayomgusa mtoto kwenye kesi yanahitaji ruhusa ya mahakama.

Watu wananiambia nikichukua fidia nimeuza damu ya mwanangu, na kesi ya mauaji itakufa. Nimekosa usingizi.
*Mama, Mkoani*

Mama, la mwanzo ni la dini na la pili ni la sheria, tuyatenge.

Katika dini, malipo kwa ajili ya damu hayakuanza leo. Diya imetajwa katika Suratun Nisaa, aya ya 92, ipewe familia ya aliyeuawa. Mahakama zetu hazihukumu diya, na fidia ya serikali si diya kwa hesabu wala kwa masharti. Lakini anayesema kwamba kupokea malipo ni kuuza damu, hajasoma. Sheikh unayemwamini atakueleza kwa kirefu.

Katika sheria, fidia na jinai ni njia mbili. Kumshitaki askari kwa kuua ni kazi ya Mkurugenzi wa Mashtaka wa Zanzibar, na uamuzi wake hautegemei kama wewe umelipwa. Askari hushitakiwa kweli: baada ya mfanyabiashara wa madini kuuawa Mtwara mwezi Januari 2022, maofisa saba wa polisi walifikishwa mahakamani kwa mauaji. Kesi hizo mbili zina vipimo tofauti. Ya jinai inataka uthibitisho usioacha shaka ya maana. Ya fidia inaangalia mizani imeelemea wapi. Ndiyo maana askari akiachiwa huru kwa sababu haikujulikana nani kati ya watano alipiga, serikali bado inaweza kulipa, maana wote watano walikuwa wake. Mwandikie Mkurugenzi wa Mashtaka ukiomba kifo kichunguzwe, na uombe jibu. Kinachoua kesi ya jinai ni kunyamaza, si kulipwa.

Hatuna fedha za wakili. Na tukishindwa hapa, twende Arusha?
*Kijana, Micheweni*

Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kina ofisi Unguja na Chake Chake, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya Zanzibar, Namba 13 ya mwaka 2018, imewatambua wasaidizi wa sheria. Anzia kwa msaidizi wa sheria wa jimbo lako, akuandalie barua zile za mwanzo. Hazihitaji wakili.

Njia nyingine isiyo na ada ni Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Inafanya kazi Zanzibar pia, ina uwezo wa kuita watu na kudai nyaraka, na inaweza kupendekeza familia ilipwe. Mapendekezo yake si hukumu, ila sheria yake inaitaka mamlaka husika itoe taarifa ya utekelezaji ndani ya muda usiozidi miezi mitatu, na isipotekeleza Tume inaweza kwenda mahakamani. Peleka malalamiko huko, lakini usisimamishe notisi yako ukisubiri. Watu wamekaa wakingoja uchunguzi wa Tume huku muda wa kushitaki ukiwapita.

Arusha kuna mahakama mbili. Mahakama ya Afrika haipokei tena mashauri mapya ya mtu binafsi dhidi ya Tanzania: serikali iliondoa tamko lake Novemba 2019 na likakoma kufanya kazi Novemba 2020. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ipo wazi, lakini inatoa miezi miwili tu tangu tukio au tangu ulipolijua, na haina huruma na anayechelewa. Tume ya Afrika iliyoko Banjul inapokea, baada ya kumaliza njia za nyumbani au kuonyesha kwamba zimecheleweshwa kupita kiasi.

Ukishinda hapa, jua pia namna ya kulipwa. Mali ya serikali haikamatwi na dalali. Unaomba mahakamani hati ya amri yenye kiasi unachodai, unaipeleka kwa ofisa masuuli (mwenye dhamana ya fedha) wa taasisi na kwa Mwanasheria Mkuu, na malipo yanaingia kwenye bajeti. Ipeleke mapema kabla ya kupangwa kwa bajeti ya Julai, na kila baada ya miezi mitatu andika barua ya kukumbusha, nakala ile ile, muhuri ule ule wa kupokelewa.